Nyungu ya Bibi na Pua Yangu ya Kushoto

Mume wangu ana pua mbovu. Kila kiangazi, vumbi la Madale likianza kupanda kutoka barabarani, uso wake unajaa, macho yanakuwa mekundu, na anaongea kama mtu aliyefunikwa mto. Mwezi uliopita daktari alimwambia ajaribu mvuke: maji ya moto kwenye bakuli, taulo kichwani, dakika chache, na asiinamie karibu mno akaja kuungua. Ushauri mzuri tu. Lakini mume wangu ni mtu wa kuongezea. Alirudi nyumbani na majani ya mkaratusi na ya mpera aliyochuma kwa jirani, akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, na mimi niliyekuwa sebuleni nakunja nguo nikatoka mbio kwa mlango wa jikoni nikatapika kwenye tuta la mchicha.

Akadhani nina mimba. Kwa umri wangu hiyo ni sifa, nikamwacha aifurahie kama nusu saa hivi. Kisha nikamwambia ukweli kidogo, kwamba harufu ya majani yale naichukia tangu utoto, basi. Sababu yenyewe sikumwambia. Sijawahi kumwambia mtu, na ninyi wa rika langu mliokulia Mbagala, mliofukizwa na bibi zenu mkakua mkawa watu wazima, nadhani ndio mtakaonielewa vizuri, au mtakaonihukumu vizuri.

Bibi mzaa baba alikuja kwetu kutoka Newala baada ya babu kufariki. Alikuja na begi moja, jembe lisilo na mpini ambalo hakuna aliyejua la nini, na kikopo cha bati cha ugoro. Nyumba aliyoiacha kule ilikuwa imeanguka upande mmoja na mvua, na watoto wake wengine walikuwa wamekufa au wametawanyika. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Alimtengenezea bibi kitanda kipya kipana, akakiweka chumbani kwangu. Kwa hiyo tangu siku hiyo nililala na bibi, kwenye godoro moja la sponji, mimi upande wa ukutani.

Mama alikuwa Mpare wa Same, karani kwenye ghala moja huko mjini, na usafi kwake ulikuwa ugonjwa. Alichemsha vijiko. Alipiga pasi nguo za ndani. Kati yake na bibi hakukuwa na ugomvi hata siku moja, na hilo ndilo lililotisha. Walisalimiana vizuri, mama akipiga goti kidogo, bibi akiitikia "marahaba mwanangu", kisha kila mmoja akaenda upande wake. Wiki ya kwanza macho yangu yalikuwa mekundu, bibi akanikamulia maji ya jani fulani kwenye jicho moja, na jicho likavimba likafunga siku tatu. Mama hakupaza sauti. Lakini ukuta wa chumba chetu haukufika juu kwenye bati, na jioni ile nilimsikia akizungumza na baba.

"Mvuke sina neno nao," alisema mama. "Majani yake ayachemshe, ayanuse. Ila akimtia tena mwanangu kitu mwilini, Baba Tumaini, mama yako anarudi Newala."

Baba akauliza arudi kwa nani. Mama akasema hajui, ila atarudi. Bibi alikuwa amelala ubavuni mwangu, na kama nilisikia mimi, alisikia na yeye. Asubuhi alinifunga kitambaa kichwani vizuri kuliko siku zote, na tangu hapo hakuninyunyizia wala kunipaka hata tone. Alijua vizuri nafasi yake ndani ya nyumba ile ilikuwa imeshikiliwa na nini.

Ikabaki nyungu.

Sasa nisikilizeni, maana watu wa siku hizi wakisema wanapiga nyungu wanafikiri ni jambo la kujipodoa. Mimi nilikuwa mtoto wa mafua. Pua zangu zilitiririka masika na kiangazi, na mdomo wangu wa juu ulikuwa na njia mbili zilizochubuka. Bibi naye pua yake ilikuwa imeziba miaka na miaka, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba huenda ni ugoro anaoupandisha humo tangu ujana wake. Kila siku nikitoka shule, mama akiwa bado kazini, nikishavua sare tu nilikuta jiko la mkaa limeshawaka uani, na sufuria kuukuu jeusi linatokota. Mkaratusi, mpera, mlimao, mwarobaini, na majani mengine ambayo ninyi na mimi hatutayajua jina.

Yeye alitangulia. Aliketi kwenye kigoda, sufuria katikati ya miguu, akajifunika blanketi la kijivu. Blanketi hilo halikufuliwa. Lilianikwa tu juani, kwa sababu sabuni, alisema bibi, inaua dawa. Kwa hiyo lilikuwa na jasho la jana na la juzi na la mwezi uliopita, na pale usoni, mahali anapojifutia, lilikuwa limekauka likawa gumu kama gamba la samaki. Kutoka ndani mle nilimsikia akivuta, akikohoa, akipenga. Kisha mkono ulitoka chini ya blanketi, mkono mwembamba wenye chale za zamani, ukaniita kwa vidole.

"Njoo mke mwenzangu, joto limekuwa la kwako sasa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi yake, na alisema ndiyo ya kwao: mtoto hafukizwi peke yake. Mtoto peke yake atachomoka, au ataungua, au ataogopa. Mtoto huingia na mtu mzima aliyekwisha kupoza mvuke kwa uso wake. Ukiitazama kwa mbali ni desturi ya upendo mtupu. Mimi niliitazama kwa karibu sana. Niliingia gizani mle, shavu langu likagusa shavu lake lililolowa, na mbele ya macho yangu, kwenye mwanga kidogo uliopenya chini, niliona tone la kahawia, la ugoro na kamasi, likining'inia kwenye ncha ya pua ya bibi. Likarefuka. Likadondoka ndani ya sufuria. Nami nikaambiwa nivute pumzi kwa nguvu.

Hiyo ilikuwa kila siku. Tukimaliza alichota maji yaleyale ya sufuria kwa kiganja akaninawisha uso, maana si vizuri kupoteza dawa. Yaliyobaki aliyamwaga kwenye shina la mpapai wetu. Jumapili mama alikata papai akalipanga kwenye sahani, na kila mtu akashangaa kwa nini mtoto huyu ghafla hataki papai.

Bibi mwenyewe akimaliza kujifukiza alichovya vijipande vya pamba kwenye mafuta ya nazi akavipachika kwenye pua zake, akakaa navyo mpaka magharibi, anaongea na wageni na pamba zimechungulia. Mimi hakunipachika. Alisema tu kwamba tungekuwa wenyewe kwa wenyewe angenipachika na mafua yangekuwa hadithi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini ni lazima tufanye hivi. Akanigonga kwa kidole katikati ya nyusi. Akasema hapa nyuma ya mfupa pana chungu kidogo, kila mtu anacho, na uchafu wote wa kichwa unakwenda kujikusanya humo. Mvuke unauyeyusha unatoka. Usipotolewa, chungu kinajaa, kinafurika kwa ndani. Sasa kwa ndani kuna nini? Nilikuwa darasa la nne na nilishafundishwa kwamba kwa ndani kuna ubongo. Nikalibeba jambo hilo nikaenda nalo shule.

Wazo la sponji nililipata mwenyewe, na nilijiona nina akili kuliko wote nyumbani. Upande wangu wa ukutani godoro lilikuwa limechanika kidogo. Nilikuwa nikinyofoa kipande, nakisokota kama harage, natia pua hii na hii, kabla tu ya kuingia kwenye blanketi. Navuta hewa kwa mdomo. Bibi akisema vuta, nafanya kelele ya kuvuta. Sisikii ugoro, sisikii jasho, sisikii kitu. Nikitoka natoa vipande vyangu natupa. Niliishi vizuri hivyo kama wiki mbili. Bibi alilalamika kwamba panya wameanza kula godoro letu, akawa anachomeka shuka upande ule kwa uangalifu.

Siku moja, katikati ya mvuke, nilipaliwa na hewa ya moto ya mdomoni nikavuta kwa pua bila kutaka. Kile cha kushoto kikapanda. Nilitoka nikatafuta kwa kidole, nikapenga, nikatafuta tena. Hakuna kitu. Nikawaza: kimeyeyuka. Kama mvuke unayeyusha uchafu wa miaka wa mtu mzima, utashindwaje na kipande cha godoro? Nikaridhika kabisa nikaenda kuruka kamba. Hilo nilikuja kulisahau kama mtoto anavyosahau, moja kwa moja.

Sijui siku ngapi zilipita. Wa kwanza kujua alikuwa Zuhura, tuliyekaa naye dawati moja. Alianza kukaa pembeni ya dawati, kisha pembeni zaidi, mpaka paja lake moja likawa hewani. Nilimuuliza ana nini. Zuhura alikuwa mtoto mpole, aliyekuazima kalamu bila kuombwa, na alinijibu akitazama daftari.

"Tuma, unanuka. Sio nguo. Ni wewe."

Nilijinusa kwapa. Sikusikia kitu. Huo ndio ubaya wa uvundo wako mwenyewe, pua inauzoea mapema kabla ya wengine. Kumbe kutoka pua yangu ya kushoto, na hiyo tu, ilikuwa ikitoka kamasi ya kijani nzito kama uji wa jana, yenye harufu ambayo baadaye mwalimu wetu alimwelezea mama kwa kutumia maneno panya aliyekufia kabatini. Mwalimu alinihamishia dawati la dirishani, peke yangu. Alisema ni kwa ajili ya hewa safi. Watoto walianza kupita mbele ya dawati langu wamebana pua, si kwa kunichokoza hata, bali kama unavyopita jalalani bila kuwaza.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu tayari. Chungu kilikuwa kimefurika. Kilichokuwa kikioza ni ubongo. Na ushahidi nilikuwa nao: wiki ileile nilishindwa kusema jedwali la saba nililokuwa nikilijua vizuri tangu darasa la tatu. Saba mara nane ilikuwa haipo. Nilikumbuka kamasi niliyoipenga asubuhi kwenye mchanga na nikajua imetoka nayo. Nikaanza kuogopa kupenga. Nilizivuta ndani, nikazimeza, ili nisipoteze na jedwali la nane. Mnisamehe kama mnakula.

Nyumbani mama alifikiri ni meno. Alininunulia mswaki mpya, akanisukutulisha maji ya chumvi, akanikagua ulimi kama anakagua samaki sokoni. Bibi hakufikiri ni meno. Alisema haya ni mafua yaliyokaa, na mafua yaliyokaa yanataka nyungu mara mbili. Kwa hiyo tukawa tunajifukiza asubuhi mama akishatoka, na alasiri tena. Kila mvuke ulipopanda, kile kipande kilichokuwa kimekaa humo kilinywa maji kikavimba zaidi. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba upande mmoja wa uso unapwita, na kwamba nyungu iliyokuwa inanitia kinyaa ndiyo tegemeo langu pekee la kuokoa ubongo uliobaki. Nikaacha kuweka sponji. Nilivuta yote, ugoro na jasho na lile gamba la blanketi, kwa pua moja iliyokuwa inafanya kazi, nikilia.

Alasiri moja nililia kwa kweli. Nilimwambia bibi sipati hewa, kichwa kinauma, nitakufa. Akanilaza kichwa mapajani pake, akainama, akaweka mdomo wake kwenye pua yangu ya kushoto, akanyonya.

Mmewaona wamama wakiwanyonya watoto wachanga pua ili wapate kunyonya ziwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilihisi fizi zake na ndevu zake chache za uzeeni, na ulimi wake ulikuwa mchungu kwa ugoro hata kwenye pua niliuhisi. Alitema pembeni kitu ambacho sitakielezea. Uso wake haukukunjamana. Darasa zima lilikuwa limenikimbia, Zuhura amenikimbia, mama yangu mzazi alikuwa ameanza kunibusu juu ya nywele badala ya shavuni, na mwanamke huyu alisukutua kwa maji ya kikombe, akainama tena, akanyonya mara ya pili na ya tatu. Mimi niliona kinyaa. Nilimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Mara ya tatu ikatoka damu, ikachuruzika mpaka kwenye blauzi yangu.

Mama aliporudi akaikuta ile blauzi kwenye beseni. Hakuuliza sana. Kesho yake hakwenda kazini, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mwenye taa kwenye paji la uso. Aliniinua pua kwa kidole gumba, akachungulia, akamwita nesi anishike kichwa. Aliingiza kibanio kirefu. Nilisikia kitu kikivutwa kutoka mahali ambapo sikujua ni mahali, nyuma ya jicho kabisa, kinavutika na hakitaki, halafu kikaachia. Uvundo ukajaa chumba. Nesi alifungua dirisha. Mama, ambaye hata kwenye maziko hakuonyesha kitu usoni, alijifunika kwa mtandio.

Kilikuwa kwenye kidishi cha chuma, cheusi, kinateleza, kikubwa kuliko harage. Daktari alikigeuza kwa ncha ya kibanio. Akasema ni kitu kilichotiwa, pamba labda, au kitambaa, kimeoza hakitambuliki, na kingeendelea kukaa pale mtoto angepata shida kubwa. Akamuuliza mama ni nani aliyemwekea.

Mimi nilikitambua papo hapo. Sikuhitaji rangi wala umbo. Vidole vyangu vilikumbuka jinsi vilivyokisokota.

Mama akachuchumaa mbele yangu, macho yake sawa na yangu. Alikuwa ameshapata jibu. Alitaka nimthibitishie tu.

"Tumaini. Bibi yako alikuwekea kitu puani?"

Mara nyingi nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa mtoto na niliogopa fimbo. Ni kweli niliogopa. Lakini nataka niseme na lile jingine, kwa kuwa ndilo lililonirudisha kwenye habari hii. Kwenye ile nukta moja, nikiwa na pua iliyofunguka na hewa baridi inaingia kichwani kama maji, niliona mambo mengi kwa uwazi. Niliona kitanda kipana nikiwa peke yangu. Niliona blanketi la kijivu halipo. Niliona papai kwenye sahani na nikiweza kulila. Niliona hayo yote kabla sijafungua mdomo, na nilijua kabisa ni nani atakayeyalipia.

Nikasema ndiyo. Mama akauliza nini. Nikasema pamba, yenye mafuta. Akauliza lini, nikasema siku nyingi. Uongo ulitoka umekamilika, una mafuta ya nazi ndani yake, hata daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mama aliomba kile kitu. Nesi akakifunga kwenye kipande cha shashi na mfuko wa plastiki, na njia nzima ya kurudi mama alikishika mkononi mbali na mwili. Alipitia karakana akamwita baba. Tulimkuta bibi uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua majani ya alasiri. Aliponiona alitabasamu, akauliza daktari amesemaje, wamempa mtoto dawa gani.

Mama alipiga goti kama kawaida yake, akaufungua mfuko, akauweka mkekani mbele ya bibi. Alieleza kwa sauti ya chini maneno yote ya daktari. Baba alisimama na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema, "Mama, ulimwekea?" na nilisikia kwenye sauti yake kwamba anamwomba aseme hapana. Angesema hapana tu baba angemwamini. Angenigeukia mimi.

Bibi alikichukua kile kitu kwa mkono mtupu. Sisi wote watatu tulirudi nyuma kidogo. Yeye alikibinya kwa ukucha wa kidole gumba, akakisugua, ule weusi ukatoka kidogo, na kikanyanyuka tena polepole, kama sponji inavyofanya ukiiachia. Pamba haifanyi hivyo. Hakuna mwingine aliyeliona hilo ila mimi, maana mimi nilikuwa najua pa kutazama. Akanyanyua macho akanitazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa kama ya mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nilimwekea mie," akasema. "Nikasahau kumtoa."

Mama alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Aliposikia hivyo alikosa pa kuyapeleka, akaanza kulia palepale kwenye goti. Baba aliondoka akarudi karakana, na hatukusikia randa wala nyundo mchana ule. Bibi alikusanya majani yake akayatupa. Sufuria alilisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, akampa mama kwa mikono miwili.

Hakukuwa na kikao. Neno lilikuwa limeshasemwa siku nyingi juu ya ukuta ule usiofika batini, na bibi alilitekeleza mwenyewe kabla hajaambiwa. Alisema anataka kwenda kuangalia nyumba yake. Baba alimwambia asubiri kwanza apate nafasi ya kwenda kuijenga. Akasema ataishi kwenye upande uliosimama. Usiku ule uliobaki hakunisemesha juu ya jambo hilo, wala mimi sikumsemesha. Alichomeka shuka upande wangu, pale panapoliwa na panya, akageuka akalala.

Alifariki kule kule Newala kabla sijamaliza la saba. Baba alikwenda kuzika peke yake. Mama, mpaka leo, akisimulia wajukuu habari za mama mkwe wake, husema alikuwa mwema sana ila mbishi wa dawa za kienyeji, alitaka kumwozesha mama yenu pua. Wananitazama mimi nithibitishe. Nathibitisha. Kinyaa cha lile blanketi, cha ugoro, cha mate yake kwenye pua yangu, vyote ni vidogo; ninavyovisikia nikinusa mkaratusi ni hivyo, lakini sivyo vinavyonitapisha. Kinachonitapisha ni ule uso wangu wa miaka tisa, msafi, ulionawishwa na nesi, unaosema pamba, yenye mafuta.

Asubuhi alipoondoka tulimsindikiza hadi kwenye mabasi ya kusini, hapo hapo Mbagala. Pua zangu zilikuwa zimefunguka zote mbili na dunia ilikuwa imejaa harufu kupita kiasi: dizeli, mihogo ya kukaanga, sabuni kwenye shati la baba. Mama alimpa mkate na chupa ya chai, akapiga goti pale pale kwenye vumbi. Bibi akaniita kwa vidole. Nikaenda. Akanikumbatia, na ile harufu yake yote, ugoro, majani, jasho lililokaukia kwenye khanga, ikaniangukia kwa mara ya kwanza bila kizuizi chochote. Nikabana pumzi. Sikukusudia, mwili ulifanya wenyewe.

Alikuwa amenibana kifuani kwake, kwa hiyo alihisi kifua changu kimesimama. Akaniachia upesi. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka ukawepo upepo kati yetu.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Pumua."

Nikapumua, naye akapanda basi.